"Leo Tuangalie Picha Gani?": Uteuzi wa Filamu kama Tendo la Uhakiki miongoni mwa Watazamaji wa Tanzania

1.0 Utangulizi

Kabla filamu haijaanza kuonyeshwa, swali moja hutangulia: "Leo tuangalie picha gani?" Swali hili huulizwa sebuleni baada ya chakula cha usiku, na huulizwa mlangoni pa kibanda umiza mbele ya ubao ulioandikwa kwa chaki. Jibu lake la kwanza aghalabu si jina la filamu, bali ni aina: ya Kihindi, ya ngumi, ya mapenzi, ya kuchekesha, ya kutisha. Jina la filamu hufuata baadaye, na wakati mwingine halitajwi kabisa.

Uhakiki wa filamu kwa Kiswahili umekuwa na desturi ya kuanza pale filamu inapoanza. Mhakiki huchambua dhamira, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, kisha hutoa hukumu. Uteuzi uliotangulia huachwa nje kwa kuhesabiwa kuwa ni suala la ladha ya mtu binafsi. Makala hii inajenga hoja kwamba uteuzi huo wenyewe ni tendo la uhakiki. Katika kuchagua aina ya picha, watazamaji huweka masharti ambayo kwayo filamu itahukumiwa, na mhakiki asiyeyajua masharti hayo huweza kuihukumu filamu kwa kosa ambalo haikulitenda. Hoja inajengwa kwa kuchambua lugha ya majina ya aina za picha nchini Tanzania, pamoja na filamu chache zinazofahamika sana.

2.0 Sarufi ya Majina ya Picha

Katika nadharia ya tanzu za filamu, Rick Altman (1984) alipendekeza kwamba utanzu utazamwe kwa pande mbili: upande wa semantiki, yaani vitu vinavyoonekana ndani ya filamu kama vile silaha, mavazi na mahali, na upande wa sintaksia, yaani jinsi vitu hivyo vinavyopangwa kuunda kisa. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 aliongeza upande wa tatu, pragmatiki, unaohusu matumizi ambayo makundi mbalimbali ya watu huupa utanzu. Kwa Altman, pragmatiki ilikuja mwishoni kama marekebisho ya nadharia. Katika Kiswahili cha watazamaji, ndipo mahali pa kuanzia.

Ushahidi umo katika umbo la maneno. Majina kama "picha ya kuchekesha," "ya kuhuzunisha" na "ya kuliza" yamejengwa kwa vitenzi vya kauli ya kutendesha. Kauli hii hudai pawepo mtendwa: anayechekeshwa, anayehuzunishwa, anayelizwa. Mtendwa huyo hatajwi katika jina, lakini anajulikana. Ni yule aliyeketi mbele ya skrini. Kwa hiyo jina la aina halielezi kilichomo ndani ya filamu, bali linaeleza kazi ambayo filamu imepewa kumfanyia mtazamaji usiku huo. Istilahi za kitaaluma hazina sifa hii. "Tanzia," "ramsa" na "melodrama" ni nomino zinazoitaja kazi ya sanaa kana kwamba imekamilika bila hadhira. Mhakiki anayebadilisha "picha ya kuliza" kuwa "melodrama" anaweza kudhani ametafsiri tu, ilhali amemwondoa mtendwa katika sentensi.

3.0 Jina Lisilofuata Ramani

Pingamizi moja laweza kutolewa hapa. Majina mengine, kama "picha ya Kihindi" na "picha ya Kichina," yanaonekana kutaja nchi tu wala hayamhusu mtazamaji. Uchunguzi wa karibu unaonyesha vinginevyo.

"Picha ya Kichina" katika mazungumzo ya kawaida ni picha ya ngumi na mateke, ya aina iliyoenezwa na filamu za Hong Kong na umaarufu wa Bruce Lee. Mwaka 2011 shirika la utangazaji la taifa, TBC, lilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Kisa chake ni ndoa ya vijana wa mjini na misuguano yao na wazazi wa pande zote mbili. Hakuna ngumi. Kwa ramani, tamthilia hiyo ni ya Kichina bila shaka. Kwa kazi inayomfanyia mtazamaji, mahali pake ni pamoja na masimulizi ya ndoa na ukwe ambayo hadhira ya Kiswahili imeyazoea tangu zamani katika tamthilia za redio. Jina la nchi limekuwa ufupisho wa ahadi fulani, na ahadi hiyo isipokuwapo, jina halitoshi.

"Picha ya Kihindi" inatoa mfano ulio mpana zaidi. Laura Fair (2018), katika utafiti wake wa historia ya sinema mijini Tanzania, ameonyesha jinsi filamu za Kihindi zilivyopendwa na watu wa asili na dini mbalimbali, hasa Zanzibar, na jinsi kwenda sinema kulivyokuwa shughuli ya familia na ya mtaa. Miongoni mwa filamu zilizodumu katika kumbukumbu za watazamaji hao ni Awara ya Raj Kapoor (1951). Kisa kinamhusu Raju, aliyekulia mitaa ya dhiki baada ya baba yake, hakimu, kumfukuza mkewe mjamzito kwa shaka juu ya heshima yake. Hakimu huyo anaamini kwamba mwana wa mwizi atakuwa mwizi na mwana wa mtu mwema atakuwa mwema. Raju anakuwa mwizi, na anasimama mahakamani akitetewa na Rita, mwanasheria anayempenda, huku baba asiyemtambua akiwa sehemu ya kesi.

Kwa vigezo vya utanzu vya kawaida, Awara ni mchanganyiko: mapenzi, uhalifu, mahakama, nyimbo, ndoto. Mhakiki anayetafuta umoja wa muundo atausema mchanganyiko huo kuwa ni udhaifu. Lakini aliyechagua "picha ya Kihindi" hakuomba umoja huo. Aliomba picha itakayowatosha watu wa rika tofauti waliokwenda pamoja: bibi apate suala la heshima ya mke, kijana apate mapenzi, mtoto apate nyimbo, na wote wapate swali moja la kujadili njiani wakirudi nyumbani, yaani iwapo tabia ya mtu hutokana na damu au na malezi. Upana wa filamu ni jibu kwa upana wa hadhira. Hapa jina la nchi nalo limebeba kauli ya kutendesha, ingawa haionekani.

4.0 "Stelingi Hafi"

Uteuzi wa aina hauweki tu kazi ya filamu. Huweka pia kanuni zake. Watazamaji wa picha za ngumi na za vita wana kanuni moja mashuhuri: stelingi hafi. Stelingi, yaani mhusika mkuu, anaweza kupigwa, kufungwa na kupoteza ndugu zake, lakini hafi, kwa sababu kifo chake kingevunja ahadi iliyowaketisha watu. Katika nadharia ya upokezi, Hans Robert Jauss aliita matarajio ya namna hii upeo wa matarajio wa hadhira. Kanuni ya stelingi ni upeo huo uliotamkwa kwa maneno mawili, na umetamkwa na watu ambao hawakuhitaji kumsoma Jauss.

Filamu ya Titanic (1997), ambayo Matthias Krings (2015) ameonyesha jinsi ilivyozaliwa upya katika kazi mbalimbali za Kiafrika zikiwamo za Tanzania, inaipima kanuni hiyo. Jack anakufa majini. Kwa aliyeketi kuangalia picha ya majanga na mapambano, kifo hicho ni kasoro, kwani stelingi ameshindwa kutoka. Kwa aliyeketi kuangalia picha ya mapenzi, kifo ndicho kipimo cha pendo, na Jack angeokoka picha ingepungukiwa. Filamu ni ileile, tena dakika ni zilezile. Hukumu imetofautiana kwa sababu uteuzi ulitofautiana.

Wafasiri wa filamu wamelifahamu jambo hili mapema kuliko wahakiki. Msimulizi kama Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, hakutafsiri mazungumzo peke yake. Msimulizi wa aina hii hufafanua, huonya, hutania na huwapa wahusika tabia zinazotambulika mtaani. Krings ameilinganisha sanaa hiyo na kuugeuza wali kuwa pilau. Kenya kuna DJ Afro katika mkondo huohuo. Pale mtazamaji anapoomba picha "iliyotafsiriwa na fulani," sauti ya msimulizi yenyewe imekuwa aina ya picha, nayo huweza kushinda nchi, mwongozaji na mwigizaji.

5.0 Sebule, Heshima na Rimoti

Filamu za Kitanzania zinazoitwa Bongo Movie ndizo zilizoumizwa zaidi na uhakiki usiouliza swali la uteuzi. Zimelaumiwa kwa mazungumzo marefu, matukio yanayorudiwa na kisa kimoja kugawanywa katika sehemu ya kwanza na ya pili. Baadhi ya lawama ni za haki, kwani kugawanya kisa kulikuwa pia njia ya kuuza diski mbili badala ya moja. Hata hivyo, filamu hizi zilitengenezwa zaidi kwa ajili ya sebule kuliko ukumbi wenye giza. Sebuleni kuna anayepiga pasi, anayebembeleza mtoto, anayepokea simu na mgeni anayeingia katikati na kuuliza, "Huyu ni nani?" Mazungumzo yanayorudia yaliyopita humrudisha aliyetoka. Kinachoonekana kuwa ulegevu kwa mhakiki aliyetazama peke yake kwenye kompyuta huweza kuwa ukarimu kwa waliotazama wakiwa wengi.

Sebule pia ina sheria ya heshima. Picha inayofaa mbele ya mama mkwe siyo inayofaa miongoni mwa vijana peke yao. "Picha ya kuangalia na wazazi" ni aina kamili, ijapokuwa haimo katika orodha yoyote ya tanzu. Inakiukwa kwa tukio moja tu la faragha, ambalo humfanya kila mtu aitafute rimoti au akumbuke ghafla kuna kazi jikoni.

Hapa ndipo ukomo wa mtazamo huu unapopaswa kukiriwa. Uteuzi haufanywi na watu walio sawa. Mwenye nyumba akitaka taarifa ya habari ya saa mbili usiku, tamthilia itasubiri. Dada wa kazi anaweza kuangalia kila usiku bila kuulizwa hata mara moja anataka picha gani. Kusema kwamba "watazamaji wamechagua" bila kuuliza ni nani kati yao aliyechagua ni kurudia kosa lile la kumwondoa mtendwa katika sentensi. Kauli ya kutendesha inamdai mhakiki aulize pande zote mbili: nani anachekeshwa, na nani amelazimika kucheka naye.

6.0 Hitimisho

Inaweza kudaiwa kwamba hoja hii inamfanya mtazamaji awe sahihi daima na kumwachia mhakiki kazi ya kuandika tu yanayopendwa. Matokeo yake ni kinyume. Majina ya watazamaji yana masharti makali kuliko istilahi za kitaaluma. Ramsa isiyochekesha hubaki kuwa ramsa katika tasnifu, kwa kuwa muundo wake ni wa ramsa. Picha ya kuchekesha isiyochekesha imevunja ahadi, na jina lake limekuwa uongo. Mhakiki anayeyachukua majina haya kwa uzito wake anapata kipimo cha kuisifu filamu na cha kuilaumu, tena kipimo ambacho mtengenezaji wa filamu na hadhira yake wanakifahamu.

Kwa hiyo uchambuzi wa filamu kwa Kiswahili unapaswa kuanza hatua moja nyuma ya ulipozoea kuanza. Kabla ya kuuliza filamu inasema nini, mhakiki aulize ilichaguliwa iwe picha gani, ichaguliwe na nani, mbele ya nani, na kwa kazi gani. Utanzu ambao haujibu maswali hayo unaweza kupanga filamu kabatini, lakini hauwezi kueleza kwa nini usiku fulani watu sita waliafikiana kuitazama, na kwa nini mmoja wao aliinuka kabla haijaisha.