Dawa za Ilungu Hazikuwa Pembeni

Mwaka 1958 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa makala mbili za R. Wise juu ya chuma cha Ufipa. Moja ilieleza uyeyushaji, nyingine matambiko yake. Awe ni mwandishi aliyegawa au mhariri, sijali: mgawo ule ulikuwa kosa, na tunaulipia hadi leo.

Ilungu mnalijua, ndugu zangu wa Mpui. Ni tanuru la kuyeyushia chuma, mnara wa udongo wa kichuguu, mita tatu na zaidi, unaojivutia hewa kwa matundu ya chini bila mvukuto. Moto wa namna hiyo hauharakishwi. Unakwenda siku kadhaa, usiku na mchana, na ukizembewa umepoteza mawe, makaa na jasho la watu wengi. Siku hizohizo mafundi walikatazwa kulala na wake zao, na tanuru lenyewe likatendewa kama bibi harusi. Ukiusoma mwiko huo kwenye makala ya matambiko, unaonekana kioja cha wazee. Urudishe kwenye makala ya kazi: hao ndio watu waliobaki kambini, macho kwenye moto. Sisemi mwiko ulikuwa zamu ya ulinzi tu; wenyewe wangenicheka. Nasema fundi hakuwa na daftari mbili. Kikapu cha dawa zilizotiwa tanuruni kilikuwa chombo cha kazi sawa na makaa, na anayekitoa kwenye maelezo ametoa hatua ya kazi.

Mwanaakiolojia Profesa Bertram Mapunda alitutenganishia vizuri aina tatu za uyeyushaji chuma, katukutu, malungu (wingi wa ilungu) na Barongo, kazi safi. Kintengwe, tanuru dogo la mvukuto lililosafisha chuma cha ilungu, nacho kimeelezwa vya kutosha.

Lakini kwa kuandika ufundi mtakatifu, bado namweka mbele Theophilus, mtawa wa Ulaya wa karne ya 12. Aliandika jinsi ya kutengeneza rangi, vioo na vyombo vya madini vya kanisa, na kila sehemu akaitangulizia dibaji ya imani. Sala na kanuni za kazi, kitabu kimoja. Leo wataalamu wanapiga eksirei picha za altare za zama zile, na hakuna anayemwita mchoraji mshirikina kwa kuwa alisali kwanza. Jina hilo wamewekewa Wafipa. Hapo huwa sinyamazi, hata nikiambiwa nimelirudia mno.

Basi atakayeyaandika malungu tena aanzie kichuguuni amalizie kwenye jembe, na kila dawa aitaje palepale ilipotiwa.