Usukani Upi? Uhakiki wa Istilahi za Kumwokoa Aliyeanguka Majini

Kijitabu kinachohakikiwa hapa hakitaji mfasiri wala mwaka. Nilikinunua Kariakoo, katika duka la kamba na nyavu lisilo mbali na Mtaa wa Msimbazi. Kusudi lake ni jema: kuwaeleza wenye mashua na boti za abiria namna ya kumrudia mtu aliyeanguka kutoka chomboni, kumkaribia bila kumdhuru na kumpakia tena. Kimefasiriwa kutoka Kiingereza, na sarufi yake ni safi kuliko ya vijitabu vingi vya aina hii. Kwa sababu hiyo hasa yafaa kuhakikiwa, maana makosa yake si ya mtu asiyejua Kiswahili. Ni makosa ya mtu ajuaye Kiswahili cha ofisini, ambaye hakumwuliza baharia.

Nianze na jambo dogo. Aliyeona mtu akianguka anatakiwa apige ukelele: "Mtu ndani ya bahari!" Hizo ni silabi nane, na neno "ndani" lamfanya msikiaji adhani mtu amekwisha kuzama. Isitoshe, wito huo haufai Mwanza wala Kigoma, ambako hakuna bahari. "Mtu majini!" yatosha kwa bahari, ziwa na mto, tena mkazo waangukia silabi ambayo koo laweza kuivuta.

Jambo kubwa limo katika ukurasa wa tano. Hapo pameandikwa: "Peleka usukani upande alikoanguka mtu." Mfasiri yeyote angeiandika sentensi hiyo bila wasiwasi, na kwa chombo chenye gurudumu la kuongozea ni sahihi kabisa. Mtu akianguka upande wa kulia, omo yapasa kuelekea kulia, ili tezi, ambako ndiko iliko rafadha, isogee kushoto mbali naye. Msomaji aliyezoea gari yampasa kukumbuka kwamba chombo hakigeuki kama gari. Gari huongozwa na magurudumu ya mbele, na nyuma hufuata; chombo huzunguka juu ya maji, omo ikienda huku na tezi ikitupwa kule. Mafundisho yote ya dakika ile ya kwanza yanasimama juu ya jambo hilo moja.

Dukani alikuwako mzee aliyewahi kuwa nahodha, na nilimsomea sentensi hiyo.

"Mwalimu," akaniuliza, "usukani upi?"

"Kwani mzee, uko zaidi ya mmoja?"

Akachukua kipande cha kamba, akakikunja juu ya meza kiwe mfano wa mashua, akanionyesha. Mashua nyingi za pwani yetu hazina gurudumu. Zina kana, ambayo wengine huiita gana, yaani mpini wa kushikia usukani. Na boti za mashine ya kuning'iniza nyuma zina mkono unaofanya kazi ileile. Ukiisukuma kana kulia, bamba la usukani huenda kushoto na omo huenda kushoto. Tezi nayo hutupwa kulia. Kwa hiyo kijana aliyeshika kana, akiambiwa apeleke "usukani" upande alikoanguka mtu, naye akafahamu kuwa usukani ni kile alichokishika mkononi, atampelekea mwenzake rafadha.

Hapa ndipo istilahi inapoacha kuwa suala la kamusi. Neno "usukani" katika Kiswahili cha leo lina maana tatu zilizo hai: bamba lililomo majini, gurudumu la kuongozea (nalo limehamia kwenye gari, ambako ndiko wengi wetu tulikolijifunzia), na kwa walio wengi, mpini wenyewe. Katika hizo tatu, mbili huenda upande mmoja na ya tatu huenda kinyume chake.

Wala tusidhani kwamba tatizo hili ni la Waswahili peke yao. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, meli ya Titanic ilipokaribia jabali la barafu, amri iliyotolewa ilitaja upande wa kulia, na omo ikaenda kushoto. Ndivyo ilivyokusudiwa, kwa kuwa amri za siku zile zilihesabiwa kwa kana hata katika meli zilizokwisha kuwa na gurudumu. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini uliotiwa saini London mwaka 1929 ndio uliokata shauri: amri inayotaja kulia itumike pale tu ambapo gurudumu, bamba la usukani na omo vyote vimekusudiwa kwenda kulia. Waingereza walihitaji mkataba ili kuondoa utata huo katika lugha yao. Nasi tumeurudisha kwa sentensi moja ya tafsiri.

Pendekezo langu ni kwamba amri isitaje usukani kabisa. Itaje omo. "Omo kwa mtu!" ni maneno yasiyoweza kufahamika kwa namna mbili katika chombo chochote, chenye gurudumu au kana, na kila aliyeshika kana ajua mwenyewe aisukume wapi ili omo iende anakotakiwa. Hata pande za kulia na kushoto hazihitajiki, nazo zina hatari yake: mwendesha mashine aliyegeuka nyuma kumtazama aliyeanguka, kulia kwake kumekwisha kuwa kushoto kwa chombo.

Ukurasa wa nane una kosa la jamii hiyohiyo: "Mkaribie kutoka upande wa upepo." Upande wa upepo ni upi? Unakotoka au unakokwenda? Lugha ya Kiingereza ina maneno mawili, na mfasiri amekuwa kama mtu aliyeamini kwamba sisi hatuna hata moja, hali tunayo: goshini ni kule upepo unakotoka, na demani ni kule unakokwenda. Tofauti hiyo si ya mapambo. Chombo kilichosimama goshini humkinga mtu na mawimbi, na upepo hukisogeza kwake. Lakini kikiwa chepesi chaweza kumpanda. Kilichosimama demani hakiwezi kumpanda, ila upepo hukiondoa kwake asipokamatwa upesi. Meli kubwa kwa kawaida huchagua goshini. Katika vyombo vidogo mabaharia hawakubaliani, na kila mmoja ana hoja yake. Lakini hawawezi hata kubishana sawasawa wakiwa na "upande wa upepo" tu. Wapo watakaosema kwamba vijana wa leo hawayajui maneno hayo. Vijana wa shuleni, labda. Wanaotweka tanga wanayajua, nao ndio walioandikiwa kijitabu.

Nitaje pia kwamba kipande kinachomwagiza nahodha ageuze omo mara moja kuelekea upepo ni cha yoti za Ulaya. Jahazi letu, pamoja na foromali yake ndefu, kwa kawaida halizungushwi hivyo. Hupitisha tezi kwenye upepo, na foromali ikahamishwa upande wa pili wa mlingoti. Hili si kosa la neno, ila mfasiri alipaswa kuuliza kabla ya kulipitisha.

Kuhusu mizunguko ya meli kubwa kijitabu kimefanya vizuri. "Mzunguko wa Williamson" kimeliacha jina la mtu kama lilivyo, na maelezo yake yanafuatika: usukani hadi mwisho upande wa aliyeanguka, omo ikisha kugeuka digrii 60 usukani upelekwe hadi mwisho upande wa pili, kisha urejeshwe katikati zikiwa zimesalia digrii 20. Kinachoharibu ni matokeo yake kuitwa "njia ya kinyume". Kwa msomaji wa kawaida njia ya kinyume ni njia mbaya, kama gari lililoingia upande usio wake. Shabaha ya mzunguko huo ni kukirudisha chombo juu ya njia ileile kilichopita, na ndiyo sababu ya kupendekezwa usiku au katika ukungu, mtu asipoonekana. "Njia ya marejeo" ingelitosha.

Juu ya vifaa sina ugomvi. Kijitabu kinaandika "jaketi okozi". Muuza duka alisema "laifujaketi", na wateja wote watatu niliowasikia wakasema "boya". Nalo boya ni la nyavu, ni la kuonyesha mkondo wa bandari, tena ni duara la kumtupia mtu. Hata hivyo asemapo nahodha "tupa boya" hakuna atakayekwenda kung'oa la bandarini. Neno lenye maana nyingi huwa baya pale tu maana hizo zinapokutana mahali pamoja, kama usukani. Wanaotaka kulifukuza neno la dukani kwa sababu ya ugeni wake wakumbuke wanaponunulia: Kariakoo yenyewe ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya kwanza, iliyolainishwa na ndimi za wenyeji.

Limebaki neno moja ambalo sijaliamulia kwa moyo mkunjufu. Kijitabu kinatumia "kuokoa" kwa kila hatua, tangu kupiga ukelele hadi kumfunika mtu blanketi. Kiswahili kina kitenzi cha hatua ile ya kumtoa mtu majini kwa mikono au kwa kamba, nacho ni kuopoa. Lakini tangu MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, hadi MV Spice Islander I mwaka 2011 na MV Nyerere mwaka 2018, taarifa zetu zimekuwa zikigawa: walio hai wameokolewa, miili imeopolewa. Nilipolitamka dukani kwa maana yake ya asili, mzee alinitazama akauliza, "Amekwisha kufa?" Neno lililokwisha kuzoeleka hivyo halifai kupigiwa kelele juu ya mtu anayehangaika kuelea. Kwa hatua hiyo ningeandika "kumpakia", na kuopoa kukaachwa mahali magazeti yalikokupeleka.