Nukta Moja na Mteremko

Kampala ni jiji la kupanda na kushuka. Huwezi kutoka Nakasero kwenda Kololo bila kuvuka bonde, na kila bonde lina maji yake. Mfereji wa Nakivubo huzoa maji ya katikati ya jiji na kuyamwaga Nyanza Victoria; ya upande wa magharibi huingia kinamasi cha Lubigi, yakashika njia ya kaskazini kwa mito ya Mayanja na Kafu mpaka Mto Nile. Katika mji wa namna hii mteremko si jambo la daftarini tu. Na anayeuheshimu kuliko wote ni fundi anayelaza mabomba ya maji taka.

Fundi huyo anaishi na kanuni ambayo wanafunzi wa sekondari huikariri bila kuipenda. Ukijua kwamba mstari unapita kwenye nukta (x₁, y₁), na mteremko wake ni m, mlinganyo wake ni y − y₁ = m(x − x₁). Basi. Ulivyopanda au kushuka tangu pale unapopajua ni sawa na mteremko mara umbali uliokwenda.

Tuingie mtaroni. Tuseme mita 40 kutoka mwanzo wa mtaro pana chemba, na sakafu ya bomba hapo iko mita 1,178.60 juu ya usawa wa bahari. Mhandisi ameagiza mteremko wa moja kwa themanini, yaani kila mita 80 bomba lishuke mita moja. Chemba inayofuata iko kwenye mita 96. Sakafu yake iwe wapi? Umbali kati ya chemba mbili ni mita 56. Ukigawa kwa 80 unapata 0.70, bomba linashuka sentimita 70, na jibu ni 1,177.90. Kwa maandishi: y − 1,178.60 = −(1/80)(x − 40).

Fundi haandiki hivyo. Anavuta kamba, anahamisha usawa kutoka kigingi hadi kigingi kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji, kisha kila baada ya mita nne anateremsha alama sentimita tano. Kibarua aliye chini anainua uso: “Ssebo, hapa?” Fundi anafumba jicho moja, anaiangalia kamba. “Shusha kidogo. Kidogo tu!” Hicho “kidogo” ndicho kinachopambanua fundi na mchimbaji. Mteremko ukiwa mdogo mno, maji yanapita taratibu na uchafu unatuama; wahandisi wengi hutaka maji yaende kiasi cha sentimita 75 kwa sekunde ili bomba lijisafishe lenyewe. Ukiwa mkali mno, mtaro unazidi kwenda chini, na kila sentimita ya kuchimba ina gharama yake.

Shuleni kanuni hii huonekana ndugu mdogo wa y = mx + c, na wanafunzi huharakishwa kuibadilisha iwe hivyo kabla wino haujakauka. Mimi naona haraka hiyo haina maana. Katika y = mx + c lazima uende hadi pale x inapokuwa sifuri uulize mstari ulikuwa na urefu gani. Katika mtaro wetu jibu lipo, ni 1,179.10, lakini mita sifuri huenda iko chini ya ukuta wa duka la mtu, au imefunikwa na lami tangu zamani. Nani atafukua huko? Kanuni ya nukta na mteremko haimtumi mtu mwanzoni. Inaridhika na chemba yoyote iliyo wazi, hata ya katikati ya njia. Ukichukua ile ya mita 96 badala ya ya mita 40, maandishi yatabadilika lakini mstari ni ule ule.

Namna hii ya kuuandika mstari, kwa jinsi wanahistoria wa hisabati wanavyoeleza, ilionekana waziwazi katika andiko la Mfaransa Gaspard Monge lililochapishwa mwaka 1784. Descartes alikuwa ameshaoanisha jiometri na aljebra tangu 1637, lakini alishughulika zaidi na mistari iliyopinda. Ulionyooka aliuona mwepesi. Hainishangazi kwamba aliyeuangalia alikuwa Monge. Alifundisha katika shule ya wahandisi wa jeshi ya Mézières, mahali pa ngome na kuta, na njia zake za kuchora umbo la ngome zilifichwa kama siri ya kijeshi. Mtu wa namna hiyo huanza na kigingi kilichokwisha kupigwa.

Kanuni ina mpaka wake, nao pia uko mtaroni. Kuta za chemba husimama wima, zikipimwa kwa timazi. Mstari wima hauna mteremko: ukijaribu kuutafuta, utajikuta unagawa kwa sifuri. Ukuta ulio kwenye mita 40 huandikwa x = 40 tu, na m haina nafasi humo. Fundi anabadilisha kifaa, anaweka kamba chini, anachukua timazi, anaendelea kupanga matofali.