Brekidauni Inayochoka Usiku

Fundi umeme wa magari aliye hodari utamtambua kwa jinsi anavyochelewa kushika spana. Ilala wapo wengi wanaoweza kushusha injini ya Hiace asubuhi na kupandisha nyingine kabla ya magharibi, na kazi yao siidharau. Hiace ya H100 injini yake imekaa chini ya viti vya mbele, nafasi ni finyu, na vidole huchunika. Ila injini ikishafungwa na mabomba kuunganishwa, zinabaki nyaya, na hapo ndipo ninapomtaka huyu anayechelewa.

Mmoja wa aina hiyo nilimwona akishughulikia Hiace kuukuu iliyogeuzwa brekidauni. Viti vya abiria viling'olewa, nguzo ya chuma ikachomelewa nyuma, na taa nne za kazi zikafungwa juu ya paa. Ilikuja nchini na injini ya 3L, dizeli ya sentimita za ujazo 2,779 isiyojua kompyuta ni nini. Mwenyewe alitaka nguvu ya kuvuta, akanunua 1KZ-TE ya mtumba iliyotoka kwenye Prado: sentimita za ujazo 2,982, turbo, na kontrol boksi lake.

Tofauti ya injini hizo mbili si ukubwa. Kwenye 3L, kipimo cha dizeli huamuliwa ndani ya pampu kwa springi na vyuma. Kwenye 1KZ-TE kuna vali ya umeme kwenye pampu. Ikifunguka, shinikizo linaporomoka na nozeli inaacha kupuliza. Boksi ndilo linalosema dizeli ikomee wapi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, uamuzi huo unafanyika mara 100 kila sekunde. Na kwa kuwa hakuna pampu mbili zinazolingana kabisa, kiwandani hubandika kwenye pampu resista ndogo za kusahihisha, zilizochaguliwa kwa ajili ya pampu ile tu. Anayenunua pampu bila resista zake amenunua nusu ya pampu, na muuzaji hatamwambia.

Malalamiko yalikuwa ya ajabu kidogo. Mchana gari linavuta vizuri. Usiku, likiwa na mzigo, linachoka mlimani, unakanyaga mafuta na injini haisikii. Gereji iliyotangulia ilisema boksi limekufa. Mwenyewe akanunua la pili Gerezani, gari likachoka vilevile.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mzee, usiku una nini ambacho mchana hauna?"

"Labda baridi."

"Dar kuna baridi gani, mzee?"

Akachukua kipande cha waya, akafunga tundu la TE1 na la E1 kwenye kisanduku cha kupimia, akawasha swichi bila kupiga stata. Toyota za enzi hizo huzungumza kwa taa ya injini kwenye dashibodi: mpepeso mmoja, kituo, mipepeso miwili, hiyo ni 12, maana yake boksi halipati habari za mzunguko wa injini, 22 ni joto la maji. Taa ikapepesa sawasawa bila kituo. Hakuna hitilafu iliyoandikwa.

Mafundi wengi hukwama hapo, kwa kudhani taa isipotaja hitilafu basi gari ni zima. Yeye aliichukulia kuwa ushahidi. Boksi huandika hitilafu pale sensa inapokatika au inapotoa kipimo kisichowezekana. Sensa inayotoa kipimo kinachowezekana lakini cha uongo, boksi huiamini. Kwa hiyo akaanza kumtafuta mwongo.

Aliweka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa boksi, injini ikinguruma. Karibu na sifuri. Wengine wangeridhika. Akamwambia kijana wake awashe taa zote, za mbele na za juu ya paa. Mita ikapanda, ikaganda karibu na volti mbili.

Hesabu yake ni ya darasani. Taa moja ya wati 60 kwenye volti 12 hula ampea 5. Nne hula 20. Zipitishe kwenye bolti yenye kutu ya ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya omu, umepoteza volti 2. Chini ya dashibodi bolti hiyo ilikuwepo, imekaa juu ya rangi na kutu, na waliobadilisha injini walikuwa wameibebesha ethi za taa na ethi za boksi pamoja. Kwenye wayaringi ya asili ethi za boksi hufungwa kwenye injini.

Bado hilo peke yake lisingetosha, na hapa ndipo nilipomvulia kofia. Alternata ilikuwa nzima; hata boksi likipungukiwa volti mbili lingefanya kazi. Akafuata waya mmoja baada ya mwingine mpaka kwenye sensa inayosoma kanyagio la mafuta, akakuta waya wake wa kurudi, ambao ulipaswa kuingia ndani ya boksi, umekatwa na kuungwa kwenye injini. Sensa hiyo husomwa kwenye kipimo cha volti 5. Taa zikiwaka, ethi ya boksi inapanda, ethi ya sensa inabaki chini, na boksi linasoma mguu mwepesi kuliko ulivyo. Dereva anakanyaga hadi chini. Boksi linaona mtu asiye na haraka, nalo linapunguza dizeli.

Marekebisho yalikuwa mafupi kuliko uchunguzi. Waya wa sensa ulirudishwa kwenye boksi kwa risasi ya kuchomea, wala si kwa kusokota na kuzungushia utepe. Ethi za boksi zikahamia kwenye injini. Bolti ya taa ikapigwa msasa hadi chuma kikang'aa, na waya mnene ukafungwa kutoka bodi hadi injini. Kijana alifanya nusu ya kazi hiyo, akigombezwa kwa upole kila alipotaka kuharakisha.

Usiku ule gari lilivuta Canter yenye mzigo, taa zote zikiwaka. Mwenyewe alirudi na swali moja: boksi la pili alifanyie nini?

"Lirudishe Gerezani, mzee. Wakikataa, litunze. Ila usiwaambie nililifungua."