Mtembeza Wageni ni Shahidi

Ndugu msomaji, kama nyumba yako iko Malindi ya Unguja, au Kibokoni Mombasa, au Lamu, bila shaka unawaona kila siku wakipita mlangoni pako. Kundi la wageni, na mbele yao kijana mwenye kitambulisho shingoni. Kijana anasimama, anaunyooshea mkono mlango wako wa nakshi, anasema maneno, wageni wanatikisa vichwa, wanapiga picha, kisha wanakwenda zao. Je, umepata kujiuliza anawaambia nini?

Mimi sikupata kujiuliza mpaka alipokuja mjukuu wangu kutoka Maskati. Ana miaka kumi na miwili, Kiswahili anakisema vizuri, lakini Unguja alikuwa hajaiona. Nikasema moyoni: mimi nitamweleza vipande vipande, kama wazee tunavyoeleza, aheri apate mtu aliyeifanya kazi hii kuwa kazi yake. Tukalipa, tukajiunga na kundi la wageni, tukatembezwa Mji Mkongwe kwa muda wa saa mbili na nusu. Haya ninayokuandikia ni hukumu yangu juu ya matembezi yale. Naomba niitoe kwa insafu, maana anayehukumu naye atahukumiwa.

Naanza na mazuri, kwa kuwa yapo. Kijana wetu alikuwa na adabu. Aliwakataza wageni kuwapiga picha akina mama bila ya idhini. Aliwataka waliovaa nguo fupi wajifunike kabla hatujapita mbele ya msikiti. Vichochoro alivijua kuliko mimi niliyezaliwa humo. Mbele ya Beit al-Ajaib alieleza sawasawa kuwa Sayyid Barghash aliijenga mwaka 1883, na kwamba sehemu yake pamoja na mnara iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, watu wawili wakafa. Alisema pia kuwa nyumba zetu za mawe na chokaa zinakufa kwa maji ya mvua na kwa kutotengenezwa. Hapo nilimwombea dua. Mji huu umeandikwa na UNESCO katika turathi za dunia tangu mwaka 2000, lakini kuandikwa hakuzibi paa linalovuja.

Sasa nasema makosa yake, nayo nayaona matatu.

La kwanza ni kusema bila ya ushahidi. Kila mlango ulikuwa na kisa. Mnyororo uliochongwa kwenye fremu, kwake yeye, ni alama ya kuwa mwenye nyumba alikuwa akiuza watumwa. Samaki ana maana yake, ua lina maana yake, na kila maana ina uhakika kama kwamba fundi seremala alimwandikia barua. Nilimuuliza kwa upole, "Mwanangu, hili la mnyororo umelipata wapi?" Akacheka, akasema, "Mzee, ndivyo tunavyosema sote." Tazama jawabu hiyo! Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuipeleleze khabari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Kumtuhumu maiti kuwa aliuza watu, kwa sababu tu seremala wake alipenda nakshi ya mnyororo, ni dhulma, hata kama maiti hana wa kumtetea.

La pili ni mizani. Huko Shangani tulisimama karibu robo saa mbele ya nyumba ya Freddie Mercury, mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, mtoto wa Kiparsi. Sina ugomvi na hilo. Maparsi ni watu wa mji huu, na mgeni anayempenda mwimbaji wake ana haki ya kuoneshwa alikozaliwa. Lakini katika saa mbili na nusu, jina la mwanachuoni hata mmoja halikutajwa! Ukutani hatukufika, na huko ndiko alikosomesha Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu. Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na akawa kadhi hapa, hakutajwa. Mabwana hawa wawili walifariki mwaka mmoja, 1925, na wanafunzi wao walienea pwani nzima. Tuliambiwa kuwa Barghash alijenga hamamu na akaleta maji ya mfereji mjini. Hatukuambiwa kuwa alileta pia mtambo wa kupigia chapa, ukachapa vitabu vya dini na vya sharia. Tulioneshwa nyumba ya Tippu Tip, lakini hatukuambiwa kuwa bwana huyo, Hamad bin Muhammad al-Murjebi, aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili kabla ya kufa mwaka 1905. Mgeni akiondoka hivyo, anajua kuwa tulikuwa na milango, karafuu na minyororo. Kuwa tulikuwa na kalamu hajui.

La tatu ndilo zito, na limenikosesha usingizi. Tulifika Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa. Hapo pana kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1873, na nje yake pana sanamu za watu watano ndani ya shimo, wamefungwa mnyororo. Kisha tukateremshwa katika vyumba vya chini, vya giza, vya kuinamia. Kijana akasema humu walisongwa watumwa kwa makumi, wakingoja kuuzwa. Wageni wakanyamaza. Bibi mmoja akalia. Mjukuu wangu akanishika mkono.

Ndugu msomaji, wako wanahistoria waliosema wazi kuwa jengo lile lilijengwa na wamishionari kwa ajili ya hospitali, na lilijengwa baada ya soko kufungwa. Ikiwa ni hivyo, vyumba vile havikupata kuona mtumwa. Kijana hakulitaja hilo hata kwa neno moja. Tena alisema kuwa utumwa ulimalizika mwaka 1873. Sivyo. Mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko na ulikataza kusafirisha watumwa kwa bahari. Utumwa wenyewe ulibaki mashambani na majumbani mpaka ilipotoka amri ya 1897, na hata hapo fidia walipewa mabwana, si watumwa.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, mtoto akaniuliza: "Babu, na sisi tulikuwa tukiwauza watu?"

Jawabu ya kwanza iliyonijia ulimini ilikuwa hii: "Yule kijana hajui kitu. Vyumba vile si vya watumwa." Na mengine yalikuwa yakingoja nyuma yake: kwamba hata bara walikuwako waliouza, kwamba Wafaransa walinunua kwa ajili ya visiwa vyao, kwamba mabwana wa hapa walikuwa wapole. Nilikwisha kufungua mdomo. Nikaufunga. Kwa sababu niliona kuwa nataka kuufanya uwongo wa kijana uwe ngao yangu. Vyumba vinaweza kuwa si vya kweli, lakini soko lilikuwa la kweli. Watu waliotolewa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na Bagamoyo, wakafikishwa pale Mkunazini wakatazamwa meno, walikuwa wa kweli. Na waliowauza walikuwa wakisali. Walikuwa wakiisoma Suratul Balad, inayoitaja kazi ya kumkomboa mtumwa kuwa ndiyo njia ya mlimani, wakaisoma asubuhi na jioni wakaenda sokoni.

Basi nilimwambia mtoto: "Naam. Babu yake babu yangu alikuwa na shamba la karafuu. Lililimwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mimi siyajui, na baba yangu hakunambia, na mimi sikumuuliza." Akanyamaza sana. Kisha akauliza, "Tutawaombea vipi, kama hatujui majina yao?" Nikamwambia Mwenyezi Mungu anayajua.

Suratun Nisaa, aya ya 135, inatutaka tusimamishe uadilifu na tutoe ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Aya hiyo inatukata sote wawili. Inamkata kijana anayeongeza, kwa kuwa machozi ya wageni huleta bakhshishi. Na inatukata sisi tunaopunguza, kwa kuwa aibu ni nzito. Tena aongezaye hutusaidia sisi tunaotaka kukanusha: ukishuhudia mambo kumi na moja likawa la uwongo, watu hutafuta njia ya kuyatupa tisa ya kweli. Soko la Mkunazini halihitaji chumba cha kubuni. Lingesimuliwa kama lilivyokuwa, lingetosha kumliza yeyote mwenye moyo.

Je, lawama zote ni za kijana? Hasha. Yeye amesimulia alichosimuliwa. Kama hakumjua Sheikh Bakathir, nani alimfundisha akakataa? Wazee tuko barazani, tunamwona akipita kila siku, tunamcheka akishapita, wala hatumwiti tukampa kahawa na khabari. Barua za wazee zimo sandukuni zinaliwa na mchwa. Watoto wetu wanaijua London kuliko Ukutani. Nyumba ikiachwa wazi bila ya mwenyewe, mpita njia ataisemea atakavyo.

Kwa hivyo nina shauri mbili. Wanaowapa ruhusa watembeza wageni wawasomeshe tarikhi kwa watu wanaoijua, na wawazoeze kusema maneno matatu mepesi: "Hili halina uhakika." Mgeni hatadai arudishiwe fedha zake kwa maneno hayo, atazidi kumwamini msemaji. Na wewe msomaji, mchukue mwanao siku moja baada ya Alasiri, mtembee mtaa mmoja tu. Muoneshe msikiti na aliyesomesha humo, kisima na aliyekichimba, nyumba na aliyeijenga, na pia waliobeba mawe yake. Usimfiche la aibu, wala usimbunie la fahari.

Kesho yake nilimwita yule kijana barazani. Alikuja, akanywa kahawa, akaandika katika kidaftari chake. Alipoondoka alikuwa na kurasa nne, na mimi nilikuwa na deni la kumtafutia majina mengine. Wallahu aalam.