Gauni Lililokatwa Mshazari

Ukilitazama gauni jeupe la satini analolivaa Jean Harlow katika filamu Dinner at Eight ya mwaka 1933, anzia ubavuni. Kitambaa kinashuka kutoka kwapani, kinaingia kiunoni, kinatoka nyongani, kisha kinaendelea mpaka sakafuni, na njiani kote huko hakikunjamani wala hakivutiki kwa nguvu. Gauni limeushika mwili bila kuubana. Mshonaji mwingine angetafuta umbo hilo kwa vipande vingi, kwa mishono ya kupunguza kifuani na kiunoni, pengine na vyuma vya kusimamisha kifua. Adrian, mbunifu mkuu wa mavazi wa studio ya MGM wakati huo, alilipata kwa kukigeuza kitambaa mezani kabla hajakitia mkasi.

Kukigeuza tu, lakini siri yote ya magauni ya miaka ya 1930 imo humo, na kila ninapoyaona katika filamu hizo za rangi nyeusi na nyeupe huwa najiuliza ni wangapi waliokuwa wakikodoa macho kumtazama mwigizaji bila kujua kwamba wanatazama hesabu ya nyuzi.

Kitambaa chochote kilichofumwa kina nyuzi za namna mbili. Mtande unakwenda na urefu wa jora. Mshindio unaukatiza, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kivute kitambaa kwa kufuata mtande, kitagoma. Kivute kwa mshindio, kitalegea kidogo tu. Sasa kishike kwenye kona mbili zinazotazamana, ukivute. Kinarefuka na kusinyaa kwa wakati mmoja, kama wavu wa mvuvi unapovutwa na macho yake ya mraba yakawa membamba, yenye ncha juu na chini. Uzi wenyewe haujarefuka hata kidogo. Kilichobadilika ni pembe kati ya mtande na mshindio. Fundi anayekata mshazari analilaza gauni juu ya kitambaa kwa digrii 45, ili urefu wa mvaaji upite katikati ya nyuzi hizo mbili, na kuanzia hapo uzito wa kitambaa ndio unaofanya kazi. Kikiachwa kining'inie kutoka mabegani, kinajivuta chenyewe kuelekea chini, kinasinyaa pale mwili unapoingia ndani, kinafunguka pale unapotoka nje. Mvaaji akikaa, kinampa nafasi. Akisimama, kinarudi.

Aliyeufanya mkato huu uwe msingi wa gauni zima, kutoka bega hadi pindo, ni Madeleine Vionnet. Kabla yake mafundi walikuwa wakiutumia zaidi kwenye kola, kanda za kupambia na baadhi ya sketi. Vionnet alizaliwa Ufaransa mwaka 1876, akaanza kazi ya sindano akiwa mtoto, akapitia London, kisha Paris katika nyumba ya mavazi ya akina dada Callot na ile ya Jacques Doucet, na mwaka 1912 akafungua nyumba yake mwenyewe ya mavazi. Vita vya kwanza vya dunia vilimlazimisha kuifunga, akarudi, na mwaka 1923 akahamia jengo kubwa la avenue Montaigne, ambako aliajiri mamia ya mafundi.

Hakuwa mtu wa kuchora. Alifanya kazi kwenye mwanasesere wa mbao wa nusu ya kimo cha mtu, akimzungushia kitambaa, akikibana kwa pini, akikifungua, akikizungusha tena. Ninalipenda sana jambo hili, kwa sababu karatasi haina uzito. Mchoro unaweza kuamuru kitambaa kianguke vyovyote vile, na fundi akaja kuhangaika baadaye kuutii. Aliyeanza na kitambaa mkononi anajua tangu asubuhi kitakubali nini na kitakataa nini. Ndiyo maana baadhi ya magauni yake, ukiyafumua na kuyatandaza, yanageuka kuwa maumbo ya hesabu za shule ya msingi. Moja maarufu, la karibu mwaka 1920, ni miraba minne ya hariri. Kila mraba umening'inizwa kwa kona yake, mbele miwili, nyuma miwili, na kwa kuwa umeshikwa kwa kona, kitambaa chote kinashuka kwa mshazari. Hakuna kona iliyokatwa ili kufuata mwili.

Alikuwa mchaguzi wa kitambaa. Alipenda krepi ya hariri, ambayo nyuzi zake husokotwa sana kabla ya kufumwa, kwa hiyo kila uzi una tamaa ya kujikunjua, na kitambaa kinakuwa na uhai kinapovutwa. Aliagiza majora yafumwe kwa upana wa yadi mbili zaidi ya kawaida, kwa sababu gauni linalolala kwa digrii 45 halienei kwenye jora la kawaida bila kuungwaungwa vipande, na kila kiungo ni mahali ambapo mtiririko unakatika. Hesabu hiyo ina gharama. Pembe tatu kubwa zinabaki mezani. Mshazari haujawahi kuwa mkato wa mtu anayebana matumizi ya kitambaa.

Kisha inakuja kazi yenyewe, na hapa ndipo subira inapopimwa. Kitambaa cha mshazari hakikatwi kikiwa kimekunjwa mara mbili. Kinatandazwa tabaka moja, bila kuvutwa, na kuwekewa vizito ili kisiteleze, kwa sababu satini ikiteleza kidogo tu pembe inaharibika na gauni litajipinda kwenye mguu wa mvaaji mpaka mshono wa ubavuni utokee mbele ya goti. Vipande vya kulia na vya kushoto hukatwa vikitazamana kama sura na kioo, ili mvuto wa upande mmoja uuzuie mvuto wa upande wa pili. Na kama ni satini, vyote lazima vielekee upande mmoja, kwa maana satini inang'aa kwa sababu nyuzi zake za mtande zinaruka juu ya nyuzi kadhaa za mshindio kabla ya kuzama. Geuza kipande kimoja kichwa chini na mwanga utakisaliti: gauni moja litaonekana la rangi mbili.

Kushona nako kuna adabu yake. Uzi ukikazwa kwenye cherehani, kitambaa kitarefuka baada ya kuvaliwa na mshono utabaki pale pale, mfupi, ukivuta gauni juu na kulikunja kama uso uliochukia. Kwa hiyo fundi hupiga bandi kwanza kwa mkono, uzi umelegezwa, kisha anaposhona hukinyoosha kitambaa kidogo mbele ya sindano, kiasi tu, kwa kadiri anavyokisia kwamba uzito utakuja kukinyoosha. Kiasi hicho hakiandikwi popote. Kiko kwenye vidole.

Na likishashonwa bado halijaisha. Gauni linatundikwa na kuachwa, siku nzima au zaidi, likining'inia bila pindo. Katika muda huo sehemu zilizo kwenye mshazari kamili zinashuka zaidi kuliko zile zilizo karibu na mtande, na ukingo wa chini, uliokuwa sawa mezani, unakuwa na mawimbi. Hapo ndipo mvaaji anaposimama juu ya kiti au jukwaa, na fundi anazunguka chini akipima kutoka sakafuni, akiweka alama kwa chaki, akikata, akilikunja pindo jembamba kwa vidole na kulishona kwa mkono. Anayelikata pindo siku ile ile ya kushona atayaona mawimbi hayo baadaye, kwenye harusi, mbele za watu.

Kuna jambo moja la nyumba ya Vionnet ambalo naliona ni sehemu ya ufundi huo huo. Mafundi wake walipewa viti vyenye egemeo la mgongo wakati ambapo vigoda vilikuwa ndiyo kawaida ya vyumba vya kushonea, wakawa na likizo ya malipo, daktari na mahali pa kulelea watoto wao. Mshono wa namna hii hauwezi kutoka kwa mtu aliyechoka kiunoni.

Hollywood iliuchukua mkato huu na kuutwika kazi ambayo jumba la mavazi la Paris halikuwa nayo: kuonekana bila rangi. Kwenye filamu nyeusi na nyeupe, wekundu wa gauni hauna maana. Kinachobaki ni mwanga na kivuli. Satini ya mshazari, kwa kuwa nyuzi zake zinabadilisha pembe kila mwili unapojongea, inarusha mwanga tofauti kila hatua. Adrian aliijua tabia hiyo, na mpiga picha wa Dinner at Eight, William Daniels, aliijua vilevile. Chumba cha kulala cha Harlow katika filamu hiyo ni cheupe karibu chote, weupe juu ya weupe, na hata hivyo hapotei humo. Inasimuliwa kwamba katika studio waigizaji waliovaa magauni ya namna hiyo waliegeshwa kwenye ubao uliosimama kwa mteremko katikati ya kupiga picha, wakapumzika wakiwa wamesimama, ili satini isipate mkunjo hata mmoja.

Hata hivyo, gauni la Harlow silo ninalolipenda kuliko yote. Ninalipa nafasi ya kwanza gauni la harusi la Claudette Colbert katika It Happened One Night ya mwaka 1934, lililobuniwa na Robert Kalloch wa studio ya Columbia. Nalo ni satini, nalo ni jembamba na refu, lakini huyu bibi harusi anabadili nia mbele ya mfungisha ndoa, anakusanya nguo yake na kukimbia kwenye majani, shela ndefu ikipepea nyuma, mpaka kwenye gari linalomsubiri. Hapo mshazari unafanya kile ulichoumbiwa. Gauni lenye umbo hilo hilo lililokatwa kwa kufuata mtande lingempasukia gotini kabla hajafika nusu ya uwanja. Hili linafunguka, linamfuata, linajikusanya tena. Harlow anatuonyesha jinsi kitambaa hiki kinavyosimama, na Colbert anatuonyesha kwa nini kilikatwa hivyo.

Inafaa pia kulitaja gauni ambalo halikuwa la mshazari. Mwaka 1932 Adrian alimvalisha Joan Crawford katika Letty Lynton gauni jeupe la ogandi lenye mikono ya marinda mikubwa mabegani, na maduka ya Marekani yakalinakili kwa wingi. Marinda yananakilika. Kiwanda kinatandaza tabaka nyingi za kitambaa, kinakata kwa mpigo mmoja, kinashona. Gauni la mshazari linataka tabaka moja moja, linataka kutundikwa na kungojwa, na kiwanda hakina mahali pa kutundika mamia ya magauni yanayosubiri kushuka. Kwa hiyo lile la Crawford likaenda kwa watu, na la Harlow likabaki zaidi kwenye skrini. Adrian mwenyewe hakuwahi hata kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Tuzo ya ubunifu wa mavazi ilianza kutolewa kwa filamu za mwaka 1948, naye alikuwa ameondoka MGM mwaka 1941.

Vita vya pili vya dunia viliumaliza mtindo huu haraka. Vionnet alifunga nyumba yake mwaka 1939. Hariri ya Japani ikakoma kuingia Marekani, kitambaa kikawekewa mgao, na mkato unaoacha pembe tatu kubwa mezani ukawa anasa isiyoteteeka. Sketi zikafupika, mabega yakawa ya mraba.

Lakini ujuzi haukupotea, na ushahidi ninaoupenda zaidi ni gauni la kijani la Keira Knightley katika Atonement ya mwaka 2007, hadithi inayoanzia majira ya joto ya 1935. Jacqueline Durran, aliyelibuni, hakunakili gauni lolote la kale. Alichukua hariri nyembamba, akaiacha iteremke, akaifunga fundo nyongani, na ikatokea kitu ambacho watu wa 1935 wangekielewa mara moja ingawa hawakuwahi kukivaa. Hariri hiyo ilikuwa nyepesi mno kiasi kwamba yalitengenezwa magauni kadhaa ya akiba kwa ajili ya filamu hiyo.

Kwetu mkato huu si wa kila fundi, na sababu si uvivu. Kitenge kina maua yaliyopangwa kwa mtande, ukikilaza mshazari maua yanalala nayo, na pamba yake ngumu haishuki kwa uzito wake. Ila kwenye masoko ya mitumba, iwe Karume au Gikomba, bado yanatokea magauni membamba ya mikanda ya miaka ya 1990, enzi ambapo wabunifu waliurudia mtindo wa miaka ya 1930. Mengine ni mshazari kweli, mengine ni satini ya plastiki iliyokatwa wima na kutiwa mpira. Usiangalie lebo. Liinue kwenye mwanga, utafute nyuzi karibu na kitovu: zikipanda na kushuka wima, liache. Zikikatizana kama alama ya kuzidisha, shika sehemu ya kiuno kwa mikono miwili, juu na chini, uvute polepole, na uangalie kama linasinyaa na kurudi. Kagua mshono wa ubavuni. Kama haujavuta mikunjo baada ya miaka yote hiyo, aliyelishona alilegeza uzi. Ukilinunua, usilitundike kabatini kwenye hanga. Mshazari hauachi kushuka, na kwa sababu hiyo magauni ya namna hii kwenye makumbusho hulazwa chali ndani ya droo pana, na karatasi laini kwenye mikunjo. Nyumbani sanduku linatosha, mradi lilale.