Joto Katika Kitabu cha Lavoisier

Kitabu cha Antoine Lavoisier cha mafundisho ya kwanza ya kemia, kilichopigwa chapa Paris mwaka 1789, kimesifiwa sana, wala hatutaki kumpunguzia mwenyewe heshima yake. Yeye ndiye aliyeifanya mizani kuwa hakimu wa kemia. Lakini tukikisoma kwa makini twaona ndani yake jambo lisilopatana, nalo lahusu joto.

Katika sura ya kwanza aieleza sababu ya vitu kutanuka vipatapo moto, naye aiita kaloriki. Papo hapo atuonya: hatulazimiki kuamini kwamba kaloriki ni kitu hasa, yatosha iwe sababu yo yote inayozitenga chembe za vitu. Hayo ni maneno ya mtu mwenye busara. Lakini tukifika kwenye orodha yake ya vitu 33 visivyogawanyika, twaikuta kaloriki imeandikwa ya pili, baada ya nuru na mbele ya oksijeni! Ile shaka njema imesahauliwa, na kitu kisichopata kuonekana katika mizani kimepewa kiti pamoja na dhahabu na chuma.

Mwaka 1798 Rumford alieleza jinsi mizinga iliyotobolewa kwa keekee huko Munich ilivyotoa joto pasipo kikomo, maadamu farasi walizidi kuzunguka. Kama joto lingekuwa kitu kilichofichwa ndani ya madini, lingekwisha. (Rumford huyo baadaye alimwoa mjane wa Lavoisier, wala hawakupatana.)

Hata hivyo, kurasa tuzipendazo kuliko zote ni zile za chombo cha barafu, alichokitumia pamoja na Laplace tangu wakati wa baridi wa 1782 na 1783. Kitu huwashwa katikati, barafu hukizunguka pande zote, na barafu nyingine ya nje huzuia joto la chumba. Maji yaliyoyeyuka hupimwa, basi. Aliandika kwamba ratili moja ya makaa iliyeyusha ratili 96 na nusu za barafu. Hesabu ya siku hizi kwa kaboni safi ni ratili 98 hivi. Jina lilikuwa la uongo, kipimo kikawa karibu na kweli.

Tena, Lavoisier alifundisha kwamba joto la moto hutoka katika hewa ya oksijeni, si katika makaa. Alikosea, lakini sisi walimu twakosea zaidi tusemapo kwamba joto limo ndani ya makaa, au kwamba vifungo vya chembe vikivunjika hutoa nishati. Madaftari ya wanafunzi wetu yamejaa maneno hayo, nao waliyapata kwetu. Kuvunja kifungo hula nishati. Ndiyo sababu makaa hayajiwashi yenyewe. Kaboni na oksijeni zinaposhikana upya ndipo nishati hutolewa, tena nyingi kuliko ile iliyoliwa. Gramu 12 za kaboni pamoja na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 44 za hewa ya kaboni, na ziada yake ni kilojuli 394 hivi.

Mpishi afunikaye makaa yake kwa mchanga ayajua nusu ya haya: moto huzimika, na kesho makaa yale yale huwaka tena.